Mnunuzi wa Ulaya Anataka Hesabu ya Kaboni ya Bidhaa Zako? Anzia Hapa

Barua pepe yenyewe huwa fupi na ya heshima. Mnunuzi wa Ujerumani au Italia anasalimu, anashukuru kwa shehena iliyopita, kisha anaomba umjazie jedwali la Excel aliloliambatisha, ikiwezekana kabla ya mwisho wa mwezi. Ukilifungua unakuta kurasa chungu nzima. Bosi anamkabidhi mhasibu, mhasibu anamsukumia meneja wa uzalishaji, meneja anasema hayo ni mambo ya wakala wa forodha. Wakala naye hajui kiwandani mnachoma nini. Wiki inapita, mnunuzi anakumbusha, na safari hii salamu zimepungua.

Maswali ninayoulizwa baada ya hapo ni yale yale, awe anayeuliza yuko Athi River au Chang'ombe. Nimeamua kuyajibu mara moja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Maelezo ya awali nitayafupisha. Tangu 2005 viwanda vikubwa vya Umoja wa Ulaya hulipia hewa ukaa vinayoitoa. Wenye viwanda hao wakalalamika kwamba wao wanalipishwa huku chuma na saruji za nje zikiingia bila malipo hayo, na kwamba moshi haupungui bali unahamia nchi nyingine, kisha bidhaa inarejea kwa meli. Jibu la Ulaya likawa Kanuni namba 2023/956, inayojulikana kwa herufi CBAM, yaani ushuru wa kaboni wa mpakani. Kuanzia 1 Oktoba 2023 hadi mwisho wa 2025 waagizaji walitakiwa kutoa taarifa tu. Bidhaa zinazoingia tangu 1 Januari 2026 zinadaiwa pesa.

Anayelipa ni mwagizaji aliyeko Ulaya. Wewe hutatumiwa bili. Lakini mwagizaji anajua kupiga hesabu, na akiona bidhaa yako inamgharimu kuliko ya mshindani wako wa Uturuki, atakuja kukukata bei au atahama. Ndiyo maana kazi hii ni yako hata kama sheria inambana yeye.

Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Namba za HS (namba za kimataifa ambazo forodha hutumia kutambua bidhaa) za kila bidhaa unayopeleka Ulaya, kama zilivyoandikwa kwenye hati za forodha.
- Daftari la uzalishaji la mwaka mzima: tani zilizotoka, kwa kila aina ya bidhaa.
- Ankara za mafuta, gesi na makaa ya mawe, pamoja na kumbukumbu za stoo za mwanzo na mwisho wa mwaka.
- Bili za umeme. Kama mnatumia luku au tokeni, usomaji wa mita wa kila mwezi.
- Ankara za malighafi na vyeti vya ubora vilivyokuja nazo. Kwa chuma, vile vyeti vya kiwanda kilichokiyeyusha.
- Mtu mmoja wa uzalishaji anayejua kila tanuri linatumia nini. Bila huyu utakwama hatua ya tatu.
- Jedwali la Tume ya Ulaya, chombo kinachosimamia utekelezaji wa sheria za Umoja wa Ulaya. Linapatikana bure kwenye tovuti ya Tume. Pakua toleo jipya, usitumie nakala ya mwaka juzi uliyotumiwa na rafiki.

Usianze kwa kujaza jedwali. Chukua karatasi na kalamu kwanza, jedwali linasubiri hatua ya nane.

Hatua ya 1: Hakikisha bidhaa yako imo

Ushuru huu unagusa makundi sita: chuma na chuma cha pua, alumini, saruji, mbolea, haidrojeni na umeme. Maua, chai, parachichi, nguo na samaki hazimo. Kahawa haimo pia, ingawa kahawa ina sheria yake ya ukataji misitu, na watu wengi huchanganya hizo mbili. Ukiulizwa kuhusu ramani ya shamba, hiyo si CBAM.

Hata ndani ya makundi hayo sita, namba ya HS ndiyo inayoamua, si jina la bidhaa. Angalia mifano hii:

- Nondo (7214), mabati (7210), mabomba ya chuma (7306), fremu na majengo ya chuma (7308), bolti na nati (7318): zimo.
- Misumari (7317), vyombo vya jikoni vya chuma (7323): hazimo.
- Milango na madirisha ya alumini (7610): imo. Sufuria za alumini (7615): hazimo.
- Klinka (kile kinachotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji) na saruji (2523): zimo.
- Chuma chakavu (7204): hakimo.

Fundi mmoja alinipigia akiwa na wasiwasi mkubwa juu ya masufuria yake. Nilimwambia alale usingizi. Ila asilale mno: Desemba 2025 Tume ilipendekeza kuongeza takriban bidhaa 180 zaidi zilizotengenezwa kwa chuma na alumini kuanzia 2028, kwa hiyo orodha hii iangalie kila mwaka.

Hapa ndipo swali la pili huja: "Sisi ni nchi maskini, hatusamehewi?" Hapana. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazikupewa msamaha kwa kuwa nchi zenye maendeleo duni. Kenya nayo ina mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya ulioanza kazi 1 Julai 2024, lakini mkataba huo unaondoa ushuru wa forodha, na CBAM haihesabiwi kuwa ushuru wa forodha. Waliosamehewa ni wale waliofungamana na soko la kaboni la Ulaya, yaani mfumo ambao viwanda vya huko hununulia vibali vya kutoa hewa ukaa, kama Norway na Uswisi.

Hatua ya 2: Muulize mnunuzi maswali matatu

Kabla hujatoa jasho, mwandikie mnunuzi. La kwanza: je, kwa mwaka anaingiza zaidi ya tani 50 za bidhaa hizi? Marekebisho ya Oktoba 2025 yaliwaondoa waagizaji walio chini ya tani 50 kwa mwaka kwa chuma, alumini, saruji na mbolea. Angalizo: hizo tani 50 ni zake kwa jumla, kutoka kwa wauzaji wake wote. Wewe unaweza kumpelekea tani 12 tu na bado akawa ndani kwa sababu ananunua tani 400 China. Kwa upande mwingine, nimeona kiwanda kikihangaika miezi miwili kwa ajili ya mnunuzi aliyekuwa akiingiza tani 30 kwa mwaka. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

La pili: anataka takwimu za mwaka gani? Hesabu hufanywa kwa mwaka wa kalenda. La tatu: bidhaa inaingilia nchi gani? Ikiwa inakwenda Uingereza, huo ni mfumo mwingine. Uingereza ina ushuru wake wa kaboni unaoanza 1 Januari 2027, wenye kizingiti chake cha pauni 50,000 kwa miezi 12. Hesabu za kiwandani zinafanana kwa kiasi kikubwa, fomu hazifanani.

Hatua ya 3: Chora kiwanda

Chora boksi. Ndani yake weka kila tanuri, boila, jenereta na mashine inayochoma kitu. Upande wa kushoto chora mishale ya vinavyoingia: malighafi, mafuta, umeme. Upande wa kulia vinavyotoka: bidhaa na mabaki. Fanya hivi ukiwa umesimama kiwandani, si ofisini. Mara nyingi ndipo unapogundua kwamba lile tanuri la zamani la nyuma, ambalo kila mtu alisema halitumiki, huwashwa kila Jumamosi.

Kama kiwanda kinatoa bidhaa za aina mbili, tuseme nondo na bolti, kila moja ni mchakato wake na ina boksi lake dogo ndani ya boksi kubwa. Usizichanganye.

Hatua ya 4: Tenganisha mafuta

Hatua hii ndiyo inayoharibu hesabu nyingi kuliko zote, hasa kwenye dizeli. Ankara inasema lita 90,000, mhasibu anazidisha zote, na mzigo wa kaboni unavimba bila sababu. Dizeli ya kiwanda ina mafungu matatu:

- Ya malori na foklifti. Hii ni usafirishaji, haihesabiwi.
- Ya jenereta. Hii inahesabiwa kuwa umeme, hata kama jenereta ni lako na limo ndani ya ukuta wako.
- Ya tanuri na boila. Hii tu ndiyo inayoingia moja kwa moja kwenye mzigo wa bidhaa.

Kwa chuma na alumini tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu bidhaa hizo hudaiwa gesi zinazotoka kiwandani moja kwa moja, si za umeme. Saruji na mbolea hudaiwa vyote viwili. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha bolti anayeweka dizeli ya jenereta kwenye fungu la tanuri anajiongezea mwenyewe deni ambalo hakuna aliyemdai.

Kosa jingine la hapa hapa: kuhesabu mliyonunua badala ya mliyotumia. Kanuni ni ya kawaida kabisa ya stoo: kilichokuwapo Januari mosi, jumlisha manunuzi, toa kilichobaki Desemba 31. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma hesabu ya kiwanda kimoja nikiwa nimesahau tangi lililojazwa tarehe 29 Desemba. Mnunuzi aliona mara moja, kwa sababu mwaka uliofuata matumizi yalionekana yameshuka ghafla. Aibu yake bado ninayo.

Hatua ya 5: Geuza mafuta kuwa hewa ukaa

Viwango vya kawaida vya kimataifa hutosha kuanzia:

- Dizeli: lita 1 hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa.
- Mafuta mazito ya tanuri: tani 1 hutoa takriban tani 3.13.
- Gesi ya mitungi: tani 1 hutoa takriban tani 2.98.
- Gesi asilia: kila gigajouli 1 hutoa kilo 56.1.
- Makaa ya mawe: tani 1 hutoa takriban tani 2.44, lakini makaa hutofautiana sana mgodi na mgodi, na kipimo cha maabara ni bora kuliko kiwango hiki.

Kuni, mapumba na mabaki ya miwa yanaweza kuhesabiwa sifuri, lakini lazima uwe na ushahidi kwamba yamepatikana kwa njia endelevu inayokubalika na sheria za Ulaya. "Tunanunua kwa mzee wa kijijini" si ushahidi.

Kuna gesi zisizotoka kwenye mafuta pia. Mwenye kuzalisha klinka ajue kwamba mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa hutoa takriban tani 0.525 kwa kila tani ya klinka, kabla hata hujahesabu kilichowasha tanuri. Ndiyo sababu saruji haiponi kwa kubadilisha mafuta peke yake. Anayetumia tanuri la umeme la nguzo za grafaiti ahesabu pia nguzo zinazoliwa, takriban tani 3 za hewa ukaa kwa kila tani ya nguzo.

Hatua ya 6: Fuatilia kaboni uliyoinunua

Tuseme una kiwanda cha bolti, cha mfano tu. Kwa mwaka kimetoa tani 800. Kimetumia tani 60 za gesi ya mitungi kwenye tanuri la kuimarisha bolti. Tani 60 mara 2.98 ni kama tani 179 za hewa ukaa. Ukigawa kwa tani 800 unapata 0.22, yaani tani za hewa ukaa kwa kila tani ya bolti. Wengi wakifika hapa hushangilia, hujaza 0.22 na kutuma. Wamekosea.

Bolti zile zilitokana na koili za waya wa chuma, na koili hizo zilishatoa moshi wake kule zilikoyeyushwa. Hizo huitwa malighafi tangulizi, na mzigo wake unahamia kwenye bidhaa yako. Kiwanda chetu kimetumia tani 880 za waya ili kupata tani 800 za bolti. Msambazaji amethibitisha kwamba kila tani ya waya ina tani 2.1 za hewa ukaa. Basi 880 mara 2.1 ni 1,848. Jumlisha zako 179, unapata 2,027. Gawa kwa 800: mzigo wa kaboni ni 2.53 kwa tani moja ya bolti.

Tazama tena hesabu hiyo. Katika kila tani kumi za hewa ukaa, tisa zilitoka kwenye kiwanda usichokijua, labda ng'ambo ya bahari ya Hindi. Unaweza kubadilisha tanuri lako, ukaweka sola juu ya paa, ukapanda miti hadi getini, na namba ikasogea kidogo mno. Uamuzi mkubwa zaidi wa kaboni katika kiwanda cha namna hii hufanywa na mtu wa manunuzi siku anapochagua koili.

Na hapa nchi zetu zina karata ambayo wengi hawaijui. Chuma chakavu huhesabiwa sifuri kinapoingia tanurini. Viwanda vingi vya Afrika Mashariki huyeyusha chakavu kwa tanuri za umeme, na chuma hicho hutoka na mzigo mdogo kuliko kile cha madini kilichoyeyushwa kwa makaa ya mawe. Alumini ya chakavu iko vivyo hivyo. Kama unatumia chuma cha chakavu cha hapa nyumbani, usikubali kamwe bidhaa yako ikadiriwe kama chuma cha kawaida.

Mabaki ya waya yaliyokatwakatwa, zile tani 80, hayabebi mzigo. Usijaribu kuyapunguzia hesabu.

Hatua ya 7: Umeme

Kwa saruji na mbolea, chukua uniti zilizotumika na uzidishe kwa kiwango cha gridi ya nchi yako, yaani hewa ukaa inayotolewa kwa kila uniti ya umeme wa taifa. Kwa chuma na alumini, andika uniti hizo kwenye kumbukumbu hata kama hazidaiwi sasa, kwa kuwa sheria inaweza kupanuliwa, na kurudi nyuma kutafuta usomaji wa mita wa miaka mitatu ni adhabu.

Hatua ya 8: Jaza jedwali, kisha tuma

Sasa fungua jedwali. Lina sehemu ya maelezo ya kiwanda, ya mafuta, ya michakato, ya malighafi zilizonunuliwa, na mwisho muhtasari wa kumtumia mnunuzi. Ukiwa na karatasi yako ya hatua ya 3 hadi 7, ni kazi ya siku mbili. Bila karatasi hiyo ni kazi ya mwezi.

Kama hutaki mnunuzi aone siri za kiwanda, mfumo wa Tume unaruhusu kiwanda cha nje ya Ulaya kujisajili chenyewe, kupakia takwimu mara moja na kuwaruhusu wanunuzi kadhaa wazione kwa kiasi unachotaka. Kwa mwenye wanunuzi watatu au zaidi, hii ni bora kuliko kutuma jedwali huku na huko.

Hatua ya 9: Mhakiki

Kwa bidhaa za 2026 na kuendelea, takwimu halisi hukubaliwa tu zikishahakikiwa na mhakiki aliyeidhinishwa chini ya utaratibu wa Ulaya, na kwa mara ya kwanza lazima afike kiwandani kwa miguu yake. Wahakiki ni wachache na gharama yao si ndogo. Mwagizaji anatakiwa kuwasilisha tamko la 2026 ifikapo 30 Septemba 2027, kwa hiyo usisubiri Agosti kumtafuta mhakiki. Viwanda vidogo vilivyo mji mmoja vinaweza kuzungumza na mhakiki mmoja na kugawana nauli na hoteli yake. Kila mmoja atalipia kazi yake, lakini safari ni moja.

Usipohakikiwa, mwagizaji atatumia viwango vya kukadiria vya Tume. Viwango hivyo vimeongezwa makusudi: 10% kwa 2026, 20% kwa 2027 na 30% kuanzia 2028. Mbolea ndiyo iliyopewa nafuu: nyongeza yake ni 1% tu. Kwa kiwanda kinachotumia chakavu, kukadiriwa ni hasara ya wazi. Kwa anayetumia koili za makaa ya mawe na kuuza tani chache, huenda kukadiriwa kukawa nafuu kuliko kumlipa mhakiki. Piga hesabu zote mbili kabla ya kuamua, na usiogope kuchagua kukadiriwa.

Hatua ya 10: Pata hesabu ya pesa kabla mnunuzi hajakuletea yake

Mwagizaji halipii mzigo wote kwa sasa. Anapunguziwa sehemu inayolingana na vibali vya bure ambavyo viwanda vya Ulaya bado hupewa, na sehemu hiyo inapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2026 punguzo ni 97.5% ya kigezo cha bidhaa, yaani kiwango cha hewa ukaa kilichowekwa kwa kila tani ya bidhaa ya aina hiyo. 2030 litakuwa 51.5%, kuanzia 2034 hakuna punguzo.

Turudi kwenye bolti zetu zenye 2.53. Tuseme, kwa mazoezi tu, kigezo ni 1.9 na cheti kimoja, ambacho mwagizaji hununua kwa kila tani ya hewa ukaa, ni euro 75. Mwaka 2026: 1.9 mara 0.975 ni 1.85, 2.53 toa 1.85 ni 0.68, mara 75 ni euro 51 kwa tani ya bolti. Kwa namba zile zile, 2030 inakuwa kama euro 116, na 2034 kama euro 190. Mnunuzi akikuambia leo anakata euro 190 kwa tani "kwa sababu ya CBAM", utajua anakuonea, na utaweza kumwonyesha kwa nini.

Vyeti vyenyewe vitaanza kuuzwa 1 Februari 2027, kwa ajili ya bidhaa zilizoingia 2026. Bei hufuata mnada wa soko la kaboni la Ulaya.

Mambo yakikwama

*Msambazaji wa koili hajibu.* Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote. Mwandikie kwa kutumia cheti cha kiwanda chenye namba ya kundi la chuma, si kwa ombi la jumla. Akikaa kimya, kiwanda kilichoyeyusha chuma hicho huenda tayari kinauza Ulaya na kina takwimu zake. Mtafute huyo moja kwa moja. Ukishindwa kabisa, weka kiwango cha kukadiria kwa malighafi hiyo peke yake na takwimu zako halisi kwa sehemu yako. Na kwenye oda ijayo, andika ndani ya mkataba wa manunuzi kwamba koili bila takwimu hazipokelewi.

*Namba imetoka ndogo mno, chini ya 0.1.* Karibu kila mara umesahau malighafi tangulizi, au umechanganya kilo na tani.

*Namba imetoka kubwa mno.* Angalia dizeli ya jenereta na ya malori. Kisha angalia kama umegawa kwa tani zilizouzwa badala ya tani zilizozalishwa.

*Tumenunua mikopo ya kaboni ya miti, kwa nini haipunguzi?* Haipunguzi, na hakuna barua itakayobadilisha hilo. Kinachopunguza ni bei ya kaboni iliyolipwa kweli kwa mujibu wa sheria, kama kodi ya kaboni. Ushuru wa kawaida wa dizeli hauhesabiwi. Kama malighafi yako inatoka Afrika Kusini, ambako kodi ya kaboni ipo tangu 2019, omba ushahidi wa malipo, maana kodi iliyolipwa kwenye malighafi nayo hutambuliwa.

*Ankara ya meli ina mstari wa ada ya kaboni. Je, tumeshalipa?* Hapana, hiyo ni nyingine. Tangu 2024 meli kubwa zinazoingia bandari za Ulaya hulipia nusu ya hewa ukaa ya safari ya kutoka nje, na kampuni za meli huisukuma gharama hiyo kwa mteja. Moshi wa meli haumo kwenye hesabu ya bidhaa yako. Utalipa mstari huo hata kama unasafirisha maua.

*Hatuna kumbukumbu za mwaka uliopita.* Usizitunge, mhakiki atalinganisha na ankara na ukibainika umepoteza mnunuzi pamoja na jina. Mwambie mnunuzi ukweli, akadirie mwaka huo, na anza leo: daftari moja kwa mtunza stoo, safu tatu za dizeli, na mita ndogo ya gesi kwenye tanuri.